Serikali iliyohesabu vidonge, kisha ikanyamaza

Kermit ni mji mdogo wa wachimba makaa ya mawe katika jimbo la West Virginia, Marekani. Wakazi wake hawafiki 400. Katika muda wa miaka miwili, duka moja la dawa mjini humo lilipokea karibu vidonge milioni 9 vya haidrokodoni, dawa ya maumivu iliyo ya ukoo mmoja na heroini. Piga hesabu mwenyewe: ni zaidi ya vidonge 20,000 kwa kila mkazi, mtoto anayenyonya akiwemo.

Takwimu hizo serikali ilikuwa nazo. Sheria ya Marekani inamtaka kila mtengenezaji na kila msambazaji wa jumla kuripoti mizigo ya dawa hizi kwa DEA, idara ya shirikisho inayopambana na dawa za kulevya. Lakini aliyeziweka hadharani, mwaka 2016, ni mwandishi wa gazeti la mjini Charleston, Eric Eyre, kutoka kwenye nyaraka ambazo kampuni zilitaka zibaki siri. Vidonge milioni 780 vya haidrokodoni na ndugu yake oksikodoni viliingia West Virginia katika miaka sita, na watu 1,728 wa jimbo hilo wakafa kwa kuzidisha dawa hizo mbili. Mwandishi wa mkoani na daftari lake alifanya kazi ambayo idara nzima, yenye wapelelezi, bunduki na bajeti, haikuifanya.

Tunasema bila kumung'unya maneno: serikali ya Marekani inastahili kusimama kizimbani bega kwa bega na kampuni ya Purdue Pharma, mtengenezaji wa kidonge cha oksikodoni kiitwacho OxyContin.

Ushahidi upo. Mwishoni mwa 1995, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo, iliidhinisha OxyContin ikiwa na maelezo kwamba kwa kuwa dawa hiyo huingia mwilini polepole, inaaminika kupunguza hatari ya kutumiwa vibaya. Inaaminika na nani? Kwa utafiti gani? Mteja aliyekisaga kidonge na kukinusa aliipata dozi yote kwa mkupuo mmoja. Ofisa aliyesimamia uidhinishaji huo baadaye aliajiriwa na Purdue. Kampuni nayo ikaingia mtaani na kofia, midoli na kuponi za kumpa mgonjwa dozi ya kwanza bure, mbinu ambayo muuza unga yeyote wa uswahilini anaijua vizuri.

DEA ndiyo inayopanga kila mwaka kiasi cha oksikodoni kinachoruhusiwa kutengenezwa nchini humo. Kati ya 2002 na 2013, huku maiti zikiongezeka, idara hiyo ilikipandisha kiwango hicho kwa zaidi ya asilimia 400. Hapo katikati, mwaka 2007, kampuni ya Purdue ilikiri kortini kwamba iliwadanganya madaktari na wagonjwa kuhusu hatari ya uraibu. Faini na malipo yalifika dola milioni 634. Wakuu watatu wa kampuni walikiri makosa madogo, wakapewa uangalizi wa nje na saa 400 za kazi za jamii. Hakuna aliyelala gerezani hata usiku mmoja. Kijana mweusi wa Baltimore aliyekamatwa na kete chache hakuwahi kupewa huruma ya namna hiyo. Mwaka 2016 Bunge likapitisha bila pingamizi sheria iliyoifunga mikono DEA isiweze kusimamisha haraka shehena za msambazaji anayetiliwa shaka, na Rais Obama akaitia saini. Mbunge aliyeisukuma, Tom Marino, aliteuliwa mwaka uliofuata kuongoza vita dhidi ya dawa za kulevya, akajitoa baada ya vyombo vya habari kuianika sheria hiyo.

Serikali ilipoamka hatimaye, iliamka na kisu. Vyeti vya dawa hizi vilivyozidi milioni 255 mwaka 2012 vilishuka hadi milioni 142 hivi ifikapo 2020. Wanasiasa walishangilia. Lakini vifo vilivyosababishwa na dawa za jamii ya afyuni, ambavyo mwaka 2012 vilikuwa takriban 23,000, vilipita 80,000 mwaka 2021. Mwenye uraibu aliyenyimwa cheti hakupona kwa sababu karani amefuta jina lake kwenye kompyuta. Alishikwa na arosto: tumbo likamkata, jasho la baridi likamtoka, akaenda kwa muuza heroini, kisha kwa muuza fentanili, dawa kali kuliko heroini. Wagonjwa wa maumivu ya kudumu, wasio na uraibu wowote, nao walikatiwa dawa ghafla kwa madaktari kuogopa mwongozo wa serikali wa 2016 kuhusu kuandika dawa hizi, hadi wenyewe walioutoa wakalazimika kuusahihisha mwaka 2022.

Ipo tiba, na ilikuwepo wakati wote. Methadoni na buprenofini hutuliza arosto na hupunguza vifo. Sasa sikiliza sheria ya nchi tajiri kuliko zote: daktari wa kawaida aliweza kuandika oksikodoni kwa mgonjwa yeyote, lakini ili aandike buprenofini ya kumtibu aliyenaswa na oksikodoni hiyo, alitakiwa apate mafunzo maalumu, aombe kibali, na mwanzoni asizidishe wagonjwa 30. Kikwazo hicho cha mwaka 2000 kiliondolewa mwishoni mwa 2022. Miaka ishirini na miwili! Katika mambo yote tunayoyalaumu hapa, hili ndilo lisilo na utetezi kabisa, kwa maana halikuhitaji hela ya mtu wala ujanja wa kampuni. Lilihitaji kura tu.

Leo zinagawanywa pesa za fidia. Mahakama ya Juu ilikataa mwaka 2024 mpango wa kuikinga familia ya Sackler, waliokuwa wamiliki wa Purdue, dhidi ya mashitaka ya madai, na mwaka 2025 yakaja makubaliano mapya ya dola bilioni 7.4. Zikiishia kwenye magari ya polisi na kuziba mashimo ya bajeti, kama zilivyoishia nyingi za fidia ya tumbaku ya 1998, waathirika watakuwa wameibiwa mara ya pili.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili si la mbali. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliiondoa miongozo yake miwili ya dawa hizi, ya 2011 na 2012, baada ya ripoti ya wabunge wa Marekani kudai kwamba mkono wa Purdue uliingia humo. Miongozo hiyo ilitungwa kwa ajili ya dunia nzima, hospitali zetu zikiwemo.

Hofu nayo isitupeleke upande wa pili, wa kuwanyima wagonjwa dawa. Uganda ilibadili sheria mwaka 2004 kuwaruhusu wauguzi waliofunzwa kuandika mofini ya maji, nayo hutolewa bure. Mwenye saratani huinywa nyumbani, akapata usingizi. Hospitali ya Muhimbili, Tanzania, ilianza kutoa methadoni mwaka 2011, ikinywewa mbele ya mhudumu, kila siku. Kenya ikafuata. Huko ndiko tulikokuwa sahihi.

Basi serikali zetu zitakiwe mambo machache. Tramadoli, dawa ya maumivu ya jamii hiyo hiyo ya afyuni, isiuzwe dirishani bila cheti, na anayeiuza afungiwe duka mwenyewe, si kijana wake wa kaunta peke yake. Takwimu za dawa tiba zenye asili ya kulevya, kuanzia bandarini hadi wilayani, zichapishwe kila robo mwaka, mwandishi asihitaji kwenda kortini kuziomba. Na siku waziri atakaposimama bungeni kutangaza kwamba amepunguza vidonge, mbunge amuulize hapo hapo: kliniki za methadoni umeongeza ngapi?