MIAKA MINNE YA BARABARA IPI?



Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inamruhusu mlemavu kuingiza motokaa moja iliyotengenezwa kumfaa, bila kulipa ushuru. Vema. Lakini akishaipata, hapati msamaha mwingine mpaka miaka 4 ipite.

Twauliza: miaka 4 ya lami ya Nairobi, au ya mawe ya Bute? Reli yetu haikupata kufika Wajir, sembuse Bute. Mwenye miguu dhaifu huko hana behewa la kupanda, na lori hupandwa kwa mikono. Gari lake ndilo miguu yake. Kenya hukubali gari lisilozidi miaka 8, basi mfanyakazi hununua la miaka 7, ndilo aliwezalo. Muhula ukitimia lina miaka 11, kama bado linakwenda. Uingereza, mpango wa Motability ulioanza 1977 humkodishia mlemavu gari jipya, kwa kawaida miaka 3, na matengenezo ni juu ya mpango. Sisi tungoje na mkweche!

Wakubwa husema muhula huo unawazuia matajiri wanaoingiza magari kwa jina la mlemavu. Matajiri hao wapo, hatukatai. Basi wakamatwe wao! Nambari ya chasi imo daftarini. Mbona aadhibiwe yule ambaye gari lake limekufa, na kila fundi analiona?

Twataka chama kiwaandikie Hazina na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu: gari likithibitishwa na mkaguzi kuwa limekwisha, mwenyewe asingojeshwe.