Mtu mzima akianza mbio za baiskeli, afundwe kundi kwanza
SAFU YA JUMAPILI | Na Rehema Mbwambo

Mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani yalifanyika Kigali Septemba 2025, mara ya kwanza barani Afrika, na bado wapo wanaoamini kuwa mchezo huu ni wa walioukulia. Dhana hiyo haina mashiko. Primož Roglič wa Slovenia alikuwa mrukaji wa skii; aliingia kwenye baiskeli akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na leo ameshinda Vuelta, mbio kubwa za Hispania, mara nne. Kristen Faulkner wa Marekani, aliyepiga makasia chuoni, alianza 2017 akiwa mfanyakazi wa ofisini New York, akatwaa dhahabu ya Olimpiki ya Paris 2024 akiwa na miaka 31. Utasema hao miili yao ilishapikwa kwenye michezo mingine. Sawa, na hapo ndipo hoja yangu inapoanzia: pumzi na miguu mtu mzima anaweza kuja navyo au kuvijenga. Asichokuja nacho ni uzoefu wa kuendesha ndani ya kundi.

Kwenye tambarare, adui wa mwendeshaji ni hewa: kasi ikiwa maradufu, ukinzani wake huwa mara nne. Ndiyo maana waendeshaji hujibanza nyuma ya wenzao, tairi kwa tairi. Tairi lako la mbele likigusana ubavuni na la nyuma la mwenzako, kwa kawaida anayeanguka ni wewe. Yeye huenda zake, na walio nyuma wanakuparamia. Mtoto hujifunza kukwepa hayo kwa kucheza na wenzake miaka nenda rudi. Mtu mzima hununua baiskeli ya kaboni, hufuata ratiba ya mazoezi, kisha huingia mashindanoni ana nguvu za mkongwe na mikono ya mwanagenzi.

Mpinzani atamtaja Anna Kiesenhofer, mwanahisabati wa Austria asiye na timu ya kulipwa, aliyejitenga na kundi tangu mwanzo wa mbio za Olimpiki ya Tokyo, akashinda peke yake. Ni kweli, ila siku hiyo vigogo walipoteza hesabu: Annemiek van Vleuten, aliyekuwa wa pili, alivuka mstari akidhani ameshinda. Mbinu inayohitaji wengine wakosee haifai kumfundishia mgeni. Wengine husema mbio zenyewe ndizo shule. Huenda, lakini ada ya shule hiyo hulipwa pia na watakaovunjika mitulinga kwa kosa lisilo lao.

Wala mafunzo ya kuendesha kundini hayana gharama kubwa. Uwanja wa maegesho ulio mtupu asubuhi na mzoefu mmoja vinatosha: kutazama nyuma bila kuyumba, kunywa maji kwa mkono mmoja, kushika breki kabla ya kona badala ya katikati yake, pedali ya nje ikiwa chini. Faulkner mwenyewe alianzia kwenye darasa la wanaoanza, Central Park. Klabu zetu zifanye hivyo, na waandaaji wasimpe namba mtu mzima anayeanza mpaka ayaonyeshe haya mbele ya mzoefu. Atachelewa miezi michache kushindana, lakini atakapopanga mstari, wenzake hawatakuwa na sababu ya kumkimbia.