Chura mpya wa mlimani: Kenya walimpa jina, Itombwe bado inangoja

Mwaka 2015, mtafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Patrick Malonza, alimkamata chura mmoja mdogo kwenye msitu wa Mlima Kenya. Mmoja tu. Dunia ilimjua kwa jina lake mwaka 2023, miaka nane baadaye, pale jarida la zoolojia la Linnean Society ya London lilipochapisha maelezo yake. Anaitwa Kenyaphrynoides vulcani. Si spishi mpya peke yake, ni ukoo mzima mpya, kwa sababu wataalamu hawakupata kundi lolote la zamani la kumuweka ndani.

Habari hiyo ilipita haraka, na huku kwetu Kivu karibu haikusomwa kabisa. Tulikuwa na mengine ya kuhesabu. Lakini inatuhusu kuliko inavyoonekana. Milima yetu ina vyura wengi kuliko Mlima Kenya, na kati yao wamo ambao hakuna mtu duniani ameweza kusema kwa uhakika ni akina nani. Kinachokosekana si chura. Kinachokosekana ni ile miaka nane.

Tuanze na neno lenyewe. Kifaransa kinatenganisha grenouille na crapaud. Kiswahili chetu kinawaita wote vyura, na hapo hatuna kosa, maana hata kwa wanasayansi mpaka huo hauko wazi sana. Hapa tunazungumza juu ya wale wa jamii ya crapaud: kwa kawaida wana ngozi kavu yenye vipele, miguu mifupi, na wanatembea kuliko kuruka. Wale wa tambarare ni wakubwa, tunawaona usiku chini ya taa. Wale wa milimani mara nyingi ni wadogo sana, wanajificha ndani ya majani yaliyooza, kwenye kuvu la miti na chini ya mianzi. Mtu anaweza kuchunga ngombe miaka thelathini mahali pamoja asimwone hata mmoja.

Sasa, kumpata si kumgundua. Mwanakijiji anayemjua mnyama tangu utoto amemwona kweli, na mara nyingi ana jina lake katika lugha ya kwao. Lakini sheria ya kimataifa ya majina ya wanyama haitambui jina mpaka limechapishwa pamoja na maelezo, na maelezo hayo yamefungwa kwenye kielelezo kimoja: mnyama halisi, aliyehifadhiwa ndani ya chupa ya spiriti, mwenye namba, kwenye makumbusho inayojulikana. Huyo ndiye shahidi. Siku yoyote mtu akibisha, wanamrudia yeye.

Baada ya hapo kazi ndipo inaanza. Ni lazima kupima kichwa, vidole, umbali wa macho na pua. Ni lazima kutazama mifupa, siku hizi kwa skana inayopita ndani ya mwili bila kumpasua. Ni lazima kuchukua kipande kidogo cha nyama au cha ini kwa ajili ya ADN, na kulinganisha na ndugu zake wote wanaojulikana, hata kama wako kwenye chupa Berlin, Tervuren au Nairobi. Mtu mmoja hawezi. Kwenye makala ya chura wa Kenya kuna majina matano ya waandishi, kutoka taasisi za Kenya na za Ulaya.

Na walichokipata kinashangaza. Mlima Kenya ni volkano, na kwa hesabu ya miamba ni mlima kijana. Kwa muda mrefu watu walifikiri kwamba vyura wake ni wachache na wametoka jirani. Huyu ADN yake inasema jambo lingine: ndugu zake wa karibu wako kwenye milima ya kale ya Tanzania, na waliachana nao miaka kama milioni 20 iliyopita, yaani kabla mlima anaoishi haujazaliwa. Basi ukoo wake uliishi kwenye misitu mingine ya juu ya Kenya, na ukapanda kwenye volkano ilipokwisha kupoa. Chura mmoja amebadilisha historia ya msitu mzima.

Tugeuke sasa upande wa Itombwe. Milima hii iko juu ya Ziwa Tanganyika, inagawana teritware za Mwenga, Fizi na Uvira, na kilele chake, Mohi, kinafika meta 3,475. Ni moja ya misitu mikubwa zaidi ya mlimani iliyobaki Afrika. Mbelgiji Raymond Laurent aliwaeleza vyura wa huko mwaka 1950 na 1951. Mmoja ni crapaud mdogo wa Kiandjo, ambaye leo anaitwa Laurentophryne parkeri, na ukoo wake una spishi hiyo moja tu duniani. Mwingine ni Chrysobatrachus cupreonitens, chura mdogo wa rangi ya dhahabu na shaba, naye peke yake katika ukoo wake. Baada ya Laurent, kimya. Uhuru ukaja, vita vya Mulele vikaja, na miaka ya 1990 ikaja na yake. Yule wa dhahabu alionekana tena baada ya zaidi ya nusu karne, pale timu ya Eli Greenbaum wa Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, na Chifundera Kusamba wa CRSN Lwiro walipopanda Itombwe kutafuta. Wakati huohuo spishi mpya zilianza kutoka. Xenopus itombwensis, chura wa majini, ameelezwa mwaka 2008 na jina lake limebeba jina la mlima. Vyura wa miti nao wamefuata.

Kwa hiyo si kweli kusema hakuna kinachofanyika. Lakini tazama kazi inamalizikia wapi. Vielelezo vingi vya zamani vya vyura wa Kongo, vile vinavyobeba majina, viko Ubelgiji na kwenye makumbusho mengine ya ngambo. Mwanafunzi wa biolojia wa Bukavu akimkamata chura anayemshuku, ili ahakikishe lazima aende akawaone hao mashahidi huko, au angoje mtu wa huko ampimie. Visa, tiketi, barua ya mwaliko. Mkenya naye alihitaji wenzake wa Ulaya, hilo ni wazi. Ila Nairobi kuna makumbusho ya taifa yenye watu wa kazi hiyo, chura hakungoja mgeni apande mlima ndipo apatikane. Sisi Lwiro tuna kituo kilichoanzishwa mwaka 1947, wakati wa IRSAC, chenye jengo ambalo vyuo vingi vya Afrika vingelionea wivu. Jengo si tatizo. Tatizo ni spiriti, umeme wa friji ya kuhifadhi ADN, na mshahara wa mtu wa kukaa na chupa hizo miaka ishirini bila kwenda kutafuta kazi kwenye shirika lisilo la serikali.

Tena kuna mfano wa kwetu unaoonyesha kwamba hata chura mkubwa anaweza kukosa jina. Katika misitu ya mashariki mwa Kongo kuna crapaud mkubwa, mwenye kope kama pembe, ambaye kwa zaidi ya miaka mia aliandikwa kama ni yuleyule wa Kameruni. Mwaka 2011 wataalamu walipolinganisha vielelezo, wakaona ni spishi ya peke yake, wakamwita kwa jina la Alan Channing, mtaalamu wa vyura wa Afrika. Alikuwa kwenye makumbusho muda wote huo. Hakuna aliyekuwa amemlinganisha.

Msomaji anaweza kuuliza, na ana haki: watu wanakufa, wewe unahesabu vyura? Jibu liko Tanzania, Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa. Mwaka 1996, bwawa la umeme likiwa tayari linajengwa, watafiti walikuta karibu na maporomoko crapaud mdogo wa manjano anayezaa watoto badala ya kutaga mayai. Makazi yake yote yalikuwa hekta chache zilizolowa kwa manyunyu ya maji. Alipopata jina rasmi, Nectophrynoides asperginis, ujenzi ulikuwa karibu kwisha. Mwaka 2000 maji yakaelekezwa kwenye mitambo na manyunyu yakakata. Mwaka 2003 walikuwa bado maelfu, mwanzo wa 2004 karibu hawakuonekana. Ugonjwa wa kuvu la ngozi ulikuwa umeingia pia. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Amebaki kwa sababu karibu 500 walikuwa wamepelekwa mapema kwenye bustani za wanyama Marekani, na mwaka 2012 baadhi ya vizazi vyao wakaanza kurudishwa Kihansi, kwa gharama ambayo jina la mapema lingepunguza sana. Tanzania ilihitaji umeme, na iliupata. Lakini mhandisi hawezi kupangia maji kiumbe ambacho hakimo kwenye karatasi yoyote.

Itombwe hakuna bwawa. Kuna dhahabu, kuna makreseri wanaogeuza mito, kuna makala na malisho yanayopanda juu kila msimu. Chura wa mlimani hana pa kukimbilia: akifukuzwa kutoka chini anapanda, akifika kileleni mlima umekwisha.

Kuna pia upande ambao watu wa uhifadhi hawapendi kuuzungumza. Hifadhi ya Itombwe iliundwa mwaka 2006 kwa arete ya waziri, na wenyeji wengi walisikia baada ya karatasi kusainiwa. Ilichukua miaka kumi ya mazungumzo, hadi 2016, kupata mipaka ambayo jamii zilishiriki kuichora. Mkulima wa Mwenga akiona mtu na tochi anatafuta chura usiku, ana sababu ya kujiuliza kama shamba lake litafuata. Kwa maoni yangu, hapo ndipo watafiti wengi wanakosea hesabu. Wanaomba ruhusa Kinshasa na Bukavu, wanamlipa mpagazi, wanashuka. Jina linachapishwa kwa Kiingereza, katika jarida ambalo mwami wa sheferi hatalisoma. Anayelinda msitu au anayeukata ndiye wa mwisho kujua kwamba kuna kitu pale kisichopatikana mahali pengine.

Kisha vita. AFC/M23 iliingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari. Lwiro iko hatua chache kutoka Kavumu, kwenye uwanja wa ndege uliopiganiwa. Benki zilifunga milango, ndege zikakatika. Mtafiti hawezi kutuma kielelezo bila kibali halali, na Itifaki ya Nagoya, ambayo Kongo imeikubali, inataka inchi yenye mnyama itoe ruhusa na ipate faida. Mlima ukiwa upande mmoja wa mstari na ofisi ya kibali upande wa pili, chupa inakaa mezani. Juu Minembwe na pembeni yake bunduki zilikuwa zinalia miaka mingi kabla ya hapo, na safari za usiku za kutafuta vyura zilikuwa zimekwisha kupungua.

Wakati wa kungoja, kuna kazi ndogo isiyohitaji amani kamili: kukusanya majina ambayo wenyeji wanawapa vyura katika lugha zao, pamoja na sauti zao, ambazo simu ya kawaida inaweza kurekodi. Kwa vyura wengi sauti ya dume inatenganisha spishi kuliko rangi ya ngozi. Rekodi haiwezi kuchukua nafasi ya kielelezo wala kutoa jina la Kilatini, lakini atakayepanda kesho atajua aanzie bonde gani.

Kiandjo bado ipo kwenye ramani ya Laurent. Kama yule crapaud wake wa 1950 bado yupo pale, watu wa kwanza kumsikia watakuwa wale wanaoishi karibu.