Wakalimani Yatima wa Kompyuta Zetu

Majuzi rafiki yangu, mwalimu wa kompyuta katika shule moja ya sekondari karibu na Karatina, alinialika nikaione maabara yake. Nilikuta kompyuta kumi na mbili, zote za kupewa, zote kuukuu. Microsoft ilipokoma kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, mashine hizo hazikuweza kupokea toleo lililofuata. Mwalimu akazitilia Linux, programu huria isiyolipiwa, nazo zikaamka zote. Kisha siku moja, baada ya kuzisasisha, kadi za mtandao zikanyamaza.

"Mashine ni nzima, Daktari," aliniambia, "ila zimepoteza lugha."

Mimi ni mtu wa isimu, na kauli hiyo ilinigusa. Kile kiitwacho kiendeshi, ambacho wanafunzi hukiita dereva, kwa hakika si dereva, ni mkalimani. Kiini cha mfumo hakijui lugha ya kila printa na kila kadi, hivyo hapana budi awepo wa kufasiri baina yao. Nacho kiini cha Linux hutolewa upya kila baada ya majuma tisa au kumi, na mara nyingi sarufi yake ya ndani huwa imebadilika. Anayeibadilisha hulazimika kuwarekebisha wakalimani wote waliomo ndani ya kiini. Aliye nje, kama yule aliyetolewa na mtengenezaji wa kadi zile kisha akatelekezwa, hana wa kumjali.

Hata waliomo ndani huhitaji mlezi. Kiini kina daftari linaloonyesha nani anatunza nini, na kiendeshi kisicho na mtu huandikwa yatima. Neno hilo ni lao, si langu. Julai 2019 kiendeshi cha flopi kiliandikwa hivyo kwa kuwa mlezi wake hakuwa tena na kifaa kizima cha kukijaribia. Baadaye kilipata mlezi mwingine. Kichakata cha 386 hakikubahatika: ndicho Linus Torvalds alichoanzia kazi yake mwaka wa 1991, lakini kufikia Desemba 2012 kilikuwa kimeondolewa.

Siwalaumu wanaofuta. Msimbo ambao hakuna anayeujaribu huoza, tena huweza kuwa mlango wa wezi. Linalonikera ni jinsi hukumu inavyofikiwa. Kabla ya kufuta, watunzaji huuliza, kwa Kiingereza bila shaka, kama yupo angali akikitumia kifaa fulani. Kimya huchukuliwa kuwa jibu. Nasi wa Nyeri, Othaya, Nanyuki na Chuka, ambao vilivyochakaa kwa wengine ndivyo vyetu vya kila siku, hatuna habari kwamba swali limeulizwa.

Wapo watakaosema heri kununua mashine mpya. Kwa karo ipi?

Kando ya barabara ya Mweiga kipo Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Karatina nako kuna chuo kikuu. Kila mwaka wanafunzi wa mwaka wa mwisho huunda miradi. Nimeonyeshwa mifumo ya kukodisha nyumba isiyo na idadi, na nyumba zenyewe sijaziona. Kwa nini mmoja wao asizunguke shuleni akaandika ni vifaa gani vilivyopo? Kila kifaa hubeba nambari ya mtengenezaji na nambari ya aina yake, na kompyuta yenyewe huzitaja ikiulizwa. Matoleo ya majaribio ya kiini hutolewa karibu kila juma. Ayajaribu kwenye mashine zetu, aripoti kilichoharibika, na akiweza, akirekebishe. Sahihisho la mistari mitatu likikubaliwa, jina la aliyeliandika hubaki katika historia ya kiini. Wenye vifaa tele Ulaya na Marekani hawawezi kumfanyia kazi hiyo, kwa kuwa kadi hizi wameshazitupa.

Rafiki yangu amenakili nambari za kadi zake katika karatasi ya daftari. Zote kumi na mbili ni za aina moja, na msimbo wa kiendeshi chake uko wazi kwa atakaye kuusoma. Karatasi hiyo iko mezani pangu. Ninatafuta mwanafunzi.