Ghala Moja au Kila Mmoja na Shanta Yake?

Tarehe 16 Desemba, 2021, Wizara ya Ulinzi ya Ubelgiji iligundua kuwa adui amekwisha ingia katika mitambo yake ya kompyuta. Sehemu ya mitambo hiyo ilibidi itengwe, na barua za kielektroniki zikakatika kwa siku kadhaa. Haikupigwa risasi hata moja. Mlango alioutumia mvamizi ulikuwa kipande kidogo kiitwacho Log4j, ambacho kazi yake ni kuandika yanayotokea ndani ya programu, kama askari wa zamu aandikavyo katika kitabu cha matukio kituoni. Kasoro yake ilikuwa ya ajabu: mgeni akiandikisha maneno ya namna fulani, kitabu chenyewe kiliyasoma kuwa ni amri, kikatii.

Vipande vya namna hiyo mafundi huviita maktaba. Anayejenga programu kutokana na maandishi yake ya asili hatungi kila kitu upya; huazima kazi iliyokwisha fanywa na wengine. Hapo ana njia mbili. Ya kwanza ni kuweka maktaba moja katika mashine, na programu zote zikachote humo, kama vikosi vichukuavyo mahitaji katika ghala moja la kambi. Ya pili ni kila programu kubeba nakala yake, kama askari na shanta yake mgongoni.

Shanta ina sifa zake, wala hatuzidharau. Programu iliyobeba kila kitu hufanya kazi popote ilipowekwa, hata katika kituo cha mbali kisicho na mtandao, na haivurugiki kwa sababu ghala limebadilishiwa bidhaa. Kwa nchi kama Burundi, isiyo na pwani na ambayo intaneti yake hupitia kwa majirani, hilo si jambo dogo.

Lakini tazama yaliyofuata mwezi ule wa Desemba. Shirika la Apache, lenye kuitunza Log4j, lilitoa marekebisho upesi. Tatizo likawa kuzijua nakala zilipo. Programu za lugha ya Java hufungwa kisanduku ndani ya kisanduku, na wakuu wengi hawakujua kwamba mashine zao zina kitu hicho. Mwezi Julai 2022, bodi ya uchunguzi ya serikali ya Marekani ilisema kuwa hatari hiyo huenda ikadumu miaka kumi au zaidi. Na somo hili halikuwa geni: mwaka 2002 maktaba ya zlib, yenye kubana mafaili, ilionekana na kasoro, na nakala zake zikasakwa vivyo hivyo katika programu nyingi.

Je, ghala lenyewe haliwezi kutiwa sumu? Laweza. Mtu aliyejiita Jia Tan alijipatia imani ya wenye maktaba ya xz kwa zaidi ya miaka miwili, kisha akatia humo mlango wa siri. Tarehe 29 Machi, 2024, mhandisi Andres Freund aliufichua, baada ya kuona kuwa kuingia katika mashine kunachelewa kwa nusu sekunde hivi. Hata hivyo, baada ya kugunduliwa, waliokuwa na ghala moja walibadilisha kitu kimoja wakamaliza.

Kwa hiyo sisi twaegemea upande wa ghala, na sheria za mfumo wa Debian zinaegemea huko huko. Panapokosekana budi kubeba shanta, basi yaliyomo yaandikwe, kila maktaba na toleo lake, kabla programu haijapokelewa katika ofisi ya jeshi au ya polisi, iwe Bujumbura au mikoani. Bunduki haipokelewi kambini bila namba yake kuingizwa daftarini. Muuzaji asemaye kuwa orodha hiyo ni siri yake ya biashara aulizwe ni nani atakayeisaka kasoro usiku ule itakapotangazwa.