KIONGOZI AHESABU WATU WAKE



Uchaguzi wa tawi letu umekaribia. Kila jioni, katika gari la moshi la kurudi Dagoretti, nasikia maneno yale yale: fulani ana sauti kubwa, fulani anajua Kiingereza, fulani haogopi wakubwa. Mimi si msomi, elimu yangu ni ya shule ya msingi ya misheni tu. Lakini nimesoma kidogo habari za vita na za zamani, na naona tunapima viongozi kwa kipimo kisicho sawa.

Tazameni Tanga, Novemba 1914. Jemadari Aitken alikuja kwa meli kutoka Bara Hindi na watu wapata 8,000. Mkuu wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, alikuwa na kama 1,000 tu. Aitken alimdharau adui wala hakupeleleza vya kutosha. Mwenzake alileta askari kwa reli kutoka upande wa Moshi, na usiku akapanda baiskeli, yeye mwenyewe, akaingia mjini kutazama kwa macho yake. Tarehe 5 Waingereza walikuwa wanarudi melini, wameacha nyuma bunduki na risasi nyingi. Wingi haukuwafaa kitu.

Sisi nasi tuna Tanga yetu. Baada ya mvua kubwa, gengi letu lilifanya kazi Jumapili nyingi kutengeneza njia. Mjumbe wetu akaenda ofisini kudai malipo. Akaulizwa: watu wangapi, siku zipi, saa ngapi? Hakujua. Alikuwa hajafika njiani hata siku moja. Na kumbe kijana mmoja wa gengi alikuwa ameandika yote katika daftari lake la senti chache, jina kwa jina, lakini hakuna aliyemwuliza. Daftari lile lilipopelekwa baadaye tulilipwa sehemu tu, tukaambiwa nyingine zimepitwa na muda. Watoto wa watu walikosa ada kwa sababu ya mtu asiyepanda baiskeli.

Hata hivyo msimsifu yule Mjerumani upesi. Vita ile ilikwenda miaka minne, na mizigo yake ilichukuliwa vichwani mwa watu wetu. Kwa upande wa Waingereza peke yake, wapagazi walioandikwa kuwa wamekufa ni zaidi ya 40,000, wengi kwa maradhi na njaa, na wengine hawakuandikwa kabisa. Kwa upande wa Wajerumani hesabu ya wapagazi waliokufa haikuwekwa sawasawa. Kariokor hapa Nairobi imepata jina lake kwa kikosi hicho cha wapagazi. Basi mkuu aweza kuwa hodari wa kushinda, na asijue ni nani waliomchukulia mzigo. Chama kikiongozwa hivyo kitakula wanachama wake.

Jambo la pili liko hapa hapa kwetu. Oktoba 1890 Kapteni Lugard wa kampuni ya Kiingereza alijenga boma Dagoretti, akala kiapo cha undugu na Waiyaki wa Hinga. Kisha akaenda zake Uganda. Watu wa kampuni na wa misafara wakawa wanachukua chakula na mifugo ya wenyeji bila mapatano, na mwaka uliofuata boma likaachwa, likachomwa. Waiyaki alikamatwa 1892, akapelekwa kuelekea pwani, akafa Kibwezi. Neno la kiongozi lisilowafunga wale anaowaacha nyuma ni neno la bure. Mapatano yaandikwe, yasomwe mbele ya wanachama wote, na kila mtu wa ofisi ya tawi ayajue.

La tatu ni la wafanya kazi wenyewe. Januari 1947 Mombasa iligoma, watu wa reli na wa bandari pamoja. Chege Kibachia akawa kiongozi wao, na mikutano ikafanywa katika uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini. Agosti mwaka ule ule serikali ilimkamata, ikamweka mbali Baringo miaka kumi. Chama chake kikadhoofika. Simlaumu yeye hata kidogo, maana alilipa kwa miaka kumi ya maisha yake. Lakini sisi tujifunze: chama chenye nguzo moja, nguzo ikiondolewa, paa huanguka. Kiongozi mwema hufundisha wengine kazi yake angali yupo.

Najua mwingine atasema, chama si jeshi. Ni kweli. Askari hamchagui jemadari wake, wala hawezi kumwondoa. Sisi twaweza. Kwa hiyo aibu ya kuongozwa vibaya ni yetu kuliko ya askari.

Basi siku ya uchaguzi, kila atakayesimama kuomba kura aulizwe mambo matatu. Mara ya mwisho ulifika lini kazini kwetu, ukaona? Mapatano uliyofanya yako wapi, tuyasome? Na ukiondoka leo, ni nani anayejua kazi yako?

Asiyeweza kujibu, hata akiwa na sauti ya simba, tumshukuru na tumwambie aketi. Na yule kijana wa daftari, ikiwa atasimama, mimi nitamwinulia mkono.