Bega Linaloteguka: Uliza Mfupa Umebaki Kiasi Gani

Msomaji, ikiwa bega lako limeteguka mara ya tatu au ya nne, labda ukicheza raga au ukining'inia mlangoni mwa matatu, usikubali kupasuliwa kabla ya kuuliza swali moja: mfupa umebaki kiasi gani?

Kila bega linapochomoka kwa mbele, kichwa cha mfupa wa mkono hugonga na kumomonyoa ukingo wa kisahani kinachokishikilia. Ukingo ukiwa mzima, kushona kano zilizochanika kupitia matundu madogo huweza kutosha. Lakini ikiwa takriban asilimia 20 ya upana wa kisahani imekwisha, kushona pekee mara nyingi hushindwa, na mgonjwa huturudia akiwa amelishika bega lile lile.

Huyo mimi humtuma kwa daktari wa mifupa anayefanya upasuaji wa Latarjet, ulioelezwa na Mfaransa wa jina hilo mwaka wa 1954. Kipande cha mfupa hukatwa karibu na bega hilo hilo, kikafungwa kwa skrubu mahali palipomeguka. Ni kazi kubwa zaidi, na mishipa ya fahamu iko karibu. Hata hivyo, naona ni afadhali kuliko kupasuliwa mara mbili.

Eksirei ya kawaida huweza kuficha upungufu huo. Omba skani ya CT, ingawa najua itakugharimu.